Kliniki ya wanafunzi wa meno: nendeni, ila picha iangaliwe na mwalimu

Watu wananiuliza kama ni salama kutibiwa meno na wanafunzi. Mimi nimeenda kliniki ya chuo kimoja hapa Dar, jina naliacha, jino la chini kushoto lilikuwa linauma wiki nzima, maji ya baridi hata siyagusi.

Bei nafuu sana, nimelipa chini ya nusu ya nilivyoambiwa hospitali binafsi. Ila jipangie muda, nilikaa masaa matatu.

Sasa kwenye eksirei ndio pana mambo. Mwanafunzi kijana mpole kabisa akanionyesha kidoti cheusi kwenye ncha ya mzizi wa jino la pili kutoka chonge, akasema dada huu ni usaha, jino limekufa, inabidi tulitoboe tusafishe mzizi. Nilishakubali bana, maumivu hayana ubishi. Bahati nzuri hawaruhusiwi kuanza mpaka mwalimu asaini, mama wa makamo hivi, akaisogeza picha kwenye mwanga akamwambia mdogo wangu hebu fuata huu mstari mweupe unaozunguka mzizi, umekatika wapi? Kijana akafuata na kidole, haujakatika popote. Akaambiwa apige nyingine mashine ikae upande kidogo, na kweli kile kidoti kikahama, kikawa mbali na mzizi! Kumbe ni tundu la kawaida kwenye mfupa wa taya, kila mtu analo, ndiko unakotokea mshipa wa fahamu unaoenda kwenye mdomo na kidevu. Usaha wa jino ungebaki umeng'ang'ania palepale kwenye mzizi. Halafu akanigusisha pamba ya baridi kwenye jino lenyewe nikasikia kawaida tu, jino zima. Mbovu ni gego la nyuma yake, limeoza ubavuni ambapo kwa macho hapaonekani.

Yaani jino zima lingetobolewa na maumivu ningebaki nayo. Naomba vyuo viwape hawa vijana picha nyingi za taya zisizo na ugonjwa, wazizoee kwanza, maana usipokijua kizima kila cheusi utakiita usaha. Na wewe mgonjwa uliza tu, mwalimu ameiona picha? Jino limepimwa na baridi? Hawakasiriki.

Nawapa nyota nne. Jumanne narudi kuziba gego, na nimeomba anihudumie kijana yuleyule.