Jumamosi nne za soko huria jijini Mbeya: tathmini ya mshiriki

Nililipa ada ya shilingi 80,000 kwa mafunzo ya Jumamosi nne kuhusu uchumi wa soko huria na taasisi za kisiasa, yaliyofanyika katika ukumbi mdogo eneo la Forest, jijini Mbeya. Kwa kuwa nilikuwa nikitoka Igurusi kila wiki, nauli nayo ilinilazimu kupima kwa makini kila nilichopewa. Ada hiyo ilijumuisha vitini, chai ya saa nne na cheti ambacho kwangu hakina kazi kubwa. Waandaaji siwataji, maana ninalo lalamiko juu yao.

Siku ya kwanza ilizidi matarajio yangu. Mwezeshaji hakuanza na Adam Smith, anayeitwa baba wa uchumi. Alianza na gunia la viazi mviringo linaloshuka kutoka milima ya Uporoto, akauliza ni nani anayemjulisha mkulima wa huko kwamba viazi vimeadimika Dar es Salaam. Hakuna anayemjulisha: bei ndiyo inayomfikishia habari, wala hahitaji kujua kama chanzo ni mvua iliyokata barabara au ni sikukuu iliyokaribia. Hapo ndipo alipoileta hoja ya mwanauchumi Friedrich Hayek ya mwaka 1945, kwamba maarifa yanayoendesha uchumi yametawanyika kwa watu wengi mno, na hakuna ofisi moja inayoweza kuyakusanya yote. Hoja hiyo niliwahi kuisoma mara mbili bila kuielewa. Safari hii niliielewa kabla chai haijaletwa. Nilishangaa tu kwamba lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi, haikutajwa hata mara moja, ilhali mahali ambapo viazi huuzwa kwa gunia lisilo na kipimo, bei yenyewe huwa imekwisha kusema nusu ya uongo.

Lalamiko langu linatokana na siku ya pili. Tulielezwa jinsi Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilivyofuatwa na biashara ya nafaka kuwa mikononi mwa serikali, na jinsi shirika la taifa la usagishaji ambalo wazee bado wanaliita NMC lilivyozama katika hasara. Mzee mmoja aliyetoka Iringa akasimama na kusema kwa utulivu kwamba bei moja ya mahindi kwa nchi nzima ndiyo iliyoifanya mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa ghala la taifa, kwa sababu gharama ya usafirishaji ilibebwa na serikali, na kwamba soko lilipofunguliwa mzigo huo ulimwangukia mkulima wa mbali. Mwezeshaji akamjibu, “Tutalirudia hilo, mzee wangu.” Hatukulirudia. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa sahihi, kwa kuwa bei ileile iliyomwinua mkulima wa Sumbawanga ni miongoni mwa mambo yaliyolitia shirika hasara, na swali la kwa nini serikali iliendelea kuibeba hasara hiyo kwa miaka mingi ni swali la siasa. Siku ya tatu tulimsoma mwanauchumi James Buchanan, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1986 kwa kusisitiza kwamba viongozi na wapiga kura nao wana maslahi yao kama wafanyabiashara. Jibu la hoja ya mzee lilikuwa mezani, lakini hakuna aliyeliokota.

Siku ya mwisho mtafiti Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel hiyo, mwaka 2009, alitengewa saa moja na nusu tu ili kupisha ugawaji wa vyeti. Kwa sisi tunaotumia mifereji ya umwagiliaji ya Usangu, hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Alichunguza watu wanaoshirikiana maji, malisho na misitu, akaonyesha kwamba mara nyingi wanaweza kujitungia kanuni zinazodumu, bila kuigawa mali hiyo kwa watu binafsi wala kuiachia serikali kila kitu. Mfano mmojawapo ni wakulima wa Valencia, Hispania, ambao mahakama yao ya maji huketi kila Alhamisi mlangoni mwa kanisa kuu. Kanuni hizo hudumu pale ambapo mipaka inajulikana, walinzi wanawajibika kwa watumiaji wenyewe, na adhabu zinaanza ndogo kisha kupanda. Katika skimu yetu ya umwagiliaji faini ya kufungulia maji nje ya zamu ni kubwa tangu kosa la kwanza, kwa hiyo kila mtu humwonea haya jirani yake na hakuna anayetozwa.

Viti ni vya plastiki na projekta ilizimika mara mbili, lakini hayo si ya kumzuia mtu. Anayetaka kujiandikisha ajiandikishe, ila aombe mapema kwamba Ostrom apewe siku nzima na vyeti vigawiwe wakati wa chai. Kitini cha siku ya nne nimekitolea nakala sita, na kamati yetu inakisoma kabla ya kikao cha kupanga zamu za kiangazi.