Kiwanda cha Mvinyo Kilichopata Sifa kwa Picha, na Ghala Linalostahili Sifa Hizo

Kiwanda hiki cha mvinyo kimekuwa gumzo mitandaoni kwa sababu ya baraza yake ya kioo inayotazama shamba la mizabibu, na ni haki kusema mapema kwamba picha hazikutia chumvi. Safu za mizabibu zimenyooka hadi mteremko unapoishia, viti ni vya kustarehesha, na jua la alasiri linapoanza kushuka kila aliyeketi pale huonekana mzuri kuliko alivyofika. Kundi letu la marafiki lilikwenda kwa nia ya kupumzika na kuzungumza, bila mtu yeyote kujifanya bingwa wa mvinyo, na kwa hilo hatukupungukiwa. Hata hivyo, kilichonisukuma kuandika tathmini hii si baraza bali ni ghala la mapipa lililo chini yake, ambalo wageni wengi huondoka bila kuliona, pengine kwa kuwa mwanga wake hafifu haufai kwa picha.

Mgeni huchagua namna mbili za kuonja. Ya kwanza ni kuketi barazani na kuletewa glasi kadhaa kwenye ubao mmoja, pamoja na karatasi inayoeleza ladha za kila mvinyo. Ya pili ni kuongozwa na mhudumu kuanzia ghalani hadi kwenye meza ndefu iliyo kando ya mlango wake. Sisi tulichukua ya pili kwa sababu tu barazani palikuwa pamejaa, tukaahidiwa kwamba tungepata nafasi huko juu baadaye. Ilipopatikana, nusu ya kundi haikutaka kuinuka.

Ghalani kuna ubaridi wa kudumu na harufu ya mbao iliyochanganyika na harufu ya chachu, inayokaribia ile ya unga uliokandwa na kuachwa uumuke. Mapipa ni ya mwaloni, ya ujazo wa lita 225, yaani kila moja hutoa takriban chupa 300. Mhudumu alitumbukiza mrija mrefu wa kioo katika pipa jipya, akaziba ncha ya juu kwa kidole gumba na kututilia kidogo kila mmoja. Kisha akafanya vivyo hivyo katika pipa lililokwisha kutumika kwa mavuno kadhaa. Zabibu zilikuwa zile zile, za shamba lile lile na za msimu ule ule, lakini tulichoonja hakikufanana. Mvinyo wa pipa jipya ulitanguliza vanila na moshi, kwa kuwa mbao za pipa hubabuliwa kwa moto kwa ndani wakati wa kulitengeneza. Ule wa pipa kuukuu ulikuwa mtulivu, matunda yakisikika wazi. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba ule wa kwanza ulimkumbusha kiti cha daktari wa meno. Tulicheka, lakini mhudumu alimuunga mkono: mwaloni una eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake na ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu. Kuanzia hapo hakuna aliyeona haya kusema alichokisikia kinywani.

Jambo la pili lililonipendeza kwa mhudumu huyu ni subira yake. Hakututajia hata mara moja ladha ya kutafuta kabla hatujaonja wenyewe, na hilo ni busara kuliko linavyoonekana. Mwaka 2001 mtafiti Frédéric Brochet wa Bordeaux, Ufaransa, alichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Ikiwa jicho pekee linaweza kuwapotosha watu wenye mafunzo, basi karatasi ya barazani inayomwambia mgeni kwamba atakutana na cheri nyeusi, ngozi na tumbaku inamnyang'anya nusu ya starehe. Ningeiweka mwisho, kama majibu ya chemshabongo yanavyowekwa ukurasa wa nyuma.

Mpangilio wa glasi ulizingatia kanuni: mweupe mkavu (yaani usio na utamu) kwanza, kisha mwekundu mwepesi, kisha mwekundu mzito wenye ukakasi, na mtamu mwishoni, kwa maana utamu ukitangulia, kila kinachofuata huonekana kikali. Glasi zilikuwa pana chini na nyembamba juu, zikajazwa chini ya nusu ili mtu aweze kuzungusha bila kumwagia jirani yake. Chombo cha kutemea kiliwekwa katikati ya meza na mhudumu akawa wa kwanza kukitumia. Kitendo hicho kidogo kilitusaidia sana, maana waonjaji wapya hudhani kutema ni utovu wa adabu, wakaishia kulewa kabla ya kufika kwenye mvinyo ambao kiwanda kinajivunia. Chupa moja ilipofunguliwa aliinusa, akaiweka kando, kisha akatupitishia ili tujue harufu ya mvinyo ulioharibiwa na kizibo: boksi la karatasi lililolowa na kusahauliwa. Akafungua nyingine. Kuna mahali ambapo chupa ya namna hiyo ingemiminwa kimyakimya kwa matumaini kwamba wageni hawatatambua.

Miongoni mwetu alikuwamo rafiki asiyekunywa pombe. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hupewa soda na kusahauliwa, lakini hapa aliletewa sharubati ya zabibu zile zile, iliyokamuliwa kabla ya chachu kuanza kazi, katika glasi sawa na zetu. Ilikuwa tamu mno, na utamu huo ulifungua somo zuri kuliko yote ya siku hiyo. Chachu huhitaji takriban gramu 17 za sukari katika kila lita ili kutoa asilimia moja ya kileo. Kwa hiyo sharubati itakayozaa mvinyo mkavu wa asilimia 13 huanza na gramu zipatazo 220 za sukari kwa lita. Tuliokuwa na mvinyo tuliomba kuonja glasi yake, naye akanusa zetu zote na kubahatisha vizuri kuliko wengi wetu. Kinachoudhi ni kwamba alitozwa ada ile ile ya kuonja kama sisi wengine. Kwa kiwanda kilichomfikiria kiasi hicho, hesabu hiyo haikupendeza.

Barazani, tulipopanda hatimaye, mambo yalilegea. Mvinyo mweupe ulitoka moja kwa moja kwenye barafu ukiwa baridi kiasi cha kupoteza harufu, ilhali mwekundu ulikuwa umesimama juani na kileo chake kikapanda puani kabla ya kitu kingine. Mweupe hupendeza kati ya nyuzi 8 na 12 za Selsiasi, na mwekundu ulioshiba kati ya 16 na 18; ghala lipo hatua chache tu chini ya ngazi, hivyo sioni kisingizio. Mezani kulikuwa na mishumaa yenye manukato, jambo la ajabu mahali ambapo pua ndiyo inayofanya kazi kubwa, na muziki ulikuwa wa sauti ya juu kiasi kwamba mhudumu alilazimika kuinama na kurudia kila jina. Wahudumu wa huko ni wachangamfu, ila wamefundishwa kubeba ubao, si kujibu swali. Anayetaka mandhari na mazungumzo hatajuta kuketi pale, mradi aagize mvinyo mmoja na kuunywa taratibu badala ya kulipia uonjaji.

Kwa kundi linalopanga kwenda, ningeshauri kuweka nafasi ya ghalani mapema, kwa kuwa mhudumu hupokea watu wachache kwa wakati mmoja, na kuacha manukato makali nyumbani. Kundi dogo litafaidika zaidi. Letu lilifikia kiwango cha juu wanachoruhusu, na waliokuwa mwisho wa meza walikosa baadhi ya maelezo. Duka lililo njiani kuelekea nje halisumbui mtu anunue, lakini chupa zake za maonyesho zimesimamishwa wima chini ya taa kali, hali isiyofaa kwa mvinyo uliozibwa kwa kizibo cha gome. Mtu akiomba, huletewa chupa iliyolala ghalani, na hawamuulizi sababu.