Bega la plastiki: nyuma safi, kwapani kuna kazi

Assalaamu alaykum jamani. Leo sina simu wala blenda mezani, nna bega. Bega la mtu, la plastiki, la kulia, ukubwa ule ule wa langu mie. Nimelinunua kwa pesa yangu, laki mbili na nusu, nauli ya boti kutoka Unguja mbali. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa sijalipwa na mtu. Hiyo sauti ni mbuzi wa jirani, mstahamilini.

Kwa mgeni: nipo Chake Chake, kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa watu waliovunjika au kuteguka, na jioni nakaa na vijana wanaosomea uuguzi na udaktari. Bega hili nililitafuta kwa ajili yao. Kwapa ni shimo, na shimo kulielewa kwenye karatasi ni tabu.

Haya, tuanze nyuma. Huu mnene unaofunika bega ni deltoidi. Umeshikwa na sumaku, unauvuta hivi... tap! Umetoka. Chini yake inatokeza misuli ya kulishika bega lisichomoke: supraspinatasi juu, infraspinatasi na teresi ndogo hapa nyuma. Wa nne, subskapulari, umejificha mbele ya bapa la bega, unatizamana na mbavu.

Hapa mtengenezaji namvulia kofia. Sogeza kamera. Uoneni huu ukano mweupe wa supraspinatasi, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, unavyopenya chini ya paa la mfupa, nafasi yenyewe nyembamba kama ukucha. Msuli huu ndio unaoanza kazi ukinyanyua mkono pembeni, kama digrii 15 za mwanzo, kisha deltoidi inachukua mzigo. Yule bi mkubwa anayekwambia "bega linanikata nikianika nguo", mara nyingi anasema habari za ukano huu. Nimemwonesha mgonjwa mmoja juzi, akasema, "Kumbe nnajibana mwenyewe!"

Sasa ligeuze, tuingie kwapani. Hapa ndipo nilipokasirika.

Kwanza neva, zile nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia. Mtu anayejua kusuka ukili hapati shida kuelewa neva za mkono. Mizizi 5 inatoka shingoni, ya 5 mpaka ya 8 ya shingo na ya 1 ya kifua. Inaungana kuwa mashina 3, kila shina linapasuka mbele na nyuma, zinakuwa 6, zinakutana tena kuwa kamba 3, na kutoka hapo zinazaliwa neva 5 kubwa za mkono. Ni miyaa inayopishana, ukiifuata mmoja mmoja unafika. Humu zote zimepakwa manjano moja na kubandikwa gundi, kama tambi zilizoganda sufuriani. Utafuata nini?

Pili, na hili silisamehi: mshipa wa buluu, vena ya kwapa, wameuweka upande wa nje wa ateri, ule mshipa mwekundu unaoleta damu kutoka moyoni. Vena inakaa upande wa kifua! Si jambo dogo, mana zile kamba 3 zinaitwa ya nje, ya ndani na ya nyuma kwa kuangalia zilivyoizunguka ateri nyuma ya pektorali ndogo, msuli mdogo wa kifuani. Ukikosea mtaa, umekosea nyumba zote. Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu, "Dada, labda unalitizama kama la kushoto." Jamani! La kushoto, la kulia, kifua ni kifua.

Tatu, neva ya kwapa yenyewe. Inatakiwa ipite kwenye kidirisha cha pembe nne: juu teresi ndogo, chini teresi kubwa, ndani kichwa kirefu cha traisepsi (msuli wa nyuma ya mkono), nje shingo ya mfupa wa mkono. Inapita pamoja na tawi la ateri, inazunguka mfupa kwa nyuma, inakwenda kuitia nguvu deltoidi. Humu imekatika kabla ya dirisha. Imeishia kwenye gundi.

Na sisi Pemba ndiyo tunayoihitaji. Msimu wa karafuu ukifika, watu wanaanguka mikarafuuni. Bega likichomoka kwa mbele na chini, neva hiyo inavutwa. Unamgusa mtu pale penye kovu la chanjo, anakwambia ganzi. Huyo usimkimbilie kulirudisha bega kwa nguvu zako, apelekwe hospitali.

Kuna mwengine, yule anayedaka tawi akiwa njiani kuanguka. Mwili unakwenda chini, mkono umebaki juu. Hapo inavutika mizizi ya chini, ya 8 na ile ya kifua. Kijana mmoja darasani aliniuliza, "Kaumia kwapa, mbona vidole ndivyo havikamati?" Kwa sababu mizizi hiyo ndiyo inayotia nguvu vimisuli vya kiganja. Nikataka kumwonesha kwenye bega hili, sikuweza: mizizi ya chini imekatwa juu ya ubavu wa kwanza, haipo. Neva ndefu ya kifua, ile inayoutia nguvu msuli wa msumeno ulishike bapa la bega lisitokeze kama bawa, nayo haipo.

Nilichofanya: nimenunua uzi wa kushonea kofia, rangi tano. Kwa shazia nimetoboa pale penye dirisha, nikapitisha uzi mwekundu na wa manjano, nikauzungusha mfupa. Tizameni, hapa unaingia... hapa nyuma unatoka. Vena nimeibandua kwa kisu, nikaihamisha. Rangi imechubuka kidogo.

Unasoma misuli tu, au una wagonjwa wa mabega wa kuwaonesha, nunua. Una mtihani wa neva, usinunue kabla hujanunua uzi. Na sumaku ya deltoidi ikazeni kwa gundi, mana hii yangu imeshaanguka mara tatu, na mara ya mwisho mbuzi aliiwahi kabla yangu.