Kisoma misimbo cha ELM327 kwenye Hilux kuukuu: mapitio baada ya miezi minane

Hilux yangu ya mwaka 2008, yenye injini ya petroli ya lita 2.7 aina ya 2TR-FE, hubeba vitunguu na nyanya kutoka Busia hadi soko la Owino jijini Kampala, safari ya karibu kilomita 200 kila upande. Mwaka jana ilianza kutetemeka asubuhi. Nikiiwasha kabla ya alfajiri, injini ilikuwa ikikosa moto, yaani petroli haikuungua ipasavyo ndani ya silinda, kiti kikitikisika na usukani ukicheza mkononi, kisha baada ya Bugiri hali ilitulia na mtu angeweza kudhani gari limepona. Taa ya njano ya injini iliwaka na haikuzima tena.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilisoma misimbo ya hitilafu, ambayo kompyuta ya injini huiandika, kwa mashine yake na kunionyesha karatasi yenye mistari minne: P0171, P0300, P0304 na P0420. Kila mstari ukageuzwa kuwa kipuri. P0304, yaani silinda ya nne inakosa moto, ikawa koili ya kutengeneza cheche, na kwa tahadhari zikabadilishwa zote nne kwa shilingi 480,000 za Uganda. P0300, yaani silinda zinakosa moto bila mpangilio, ikawa plagi mpya za shilingi 100,000. P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, ikawa sensa ya oksijeni ya shilingi 350,000. Ilipofika P0420, inayosema kwamba masega ya kwenye eksozi hayasafishi moshi kwa kiwango kinachotakiwa, fundi aliniambia, "Mzee, tuyatoe tu hayo masega, gari litapumua." Nilikataa, nikalipa shilingi 930,000, na asubuhi iliyofuata gari likatetemeka vilevile.

Ndipo niliponunua kifaa ninachokieleza hapa. Ni kidude cha buluu kinachotoshea kiganjani, kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani na kuwasiliana na simu kwa Bluetooth. Nilikipata kwa shilingi 45,000 katika duka la vifaa vya simu karibu na soko la Kisekka, Kampala. Boksi liliandikwa toleo namba 1.5. Mnunuzi afahamu kwamba ELM327, chipu ambayo vidude hivi hupewa jina lake, ilibuniwa na ELM Electronics ya Kanada, na kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo hilo. Maandishi hayo yanamaanisha kwamba umeshika nakala. Nakala yangu inafanya kazi, ila ni nzito: nikifungua vipimo vinne au vitano kwa pamoja, namba hubadilika kwa kuchelewa, na mara nyingine mawasiliano hukatika hadi nichomoe na kuchomeka upya. Ninatumia programu ya Torque kwenye simu ya Android. Mwenye iPhone asinunue aina hii ya Bluetooth ya kawaida, kwa kuwa simu yake haitakiona. Atafute cha Wi-Fi au chenye Bluetooth ya kizazi kipya.

Kusoma misimbo peke yake kusingenisaidia chochote, kwa maana misimbo nilikuwa nayo tayari kwenye karatasi. Thamani ya kifaa niliiona katika mambo mawili ambayo gereji ile haikuyafungua. La kwanza ni kumbukumbu ya hali ya injini wakati msimbo ulipoandikwa. Kwangu ilionyesha mizunguko 720 kwa dakika, joto la maji nyuzi 48 na mwendo wa sifuri: injini ilikuwa haijapata joto na gari lilikuwa limesimama. Koili iliyochoka kwa kawaida hulalamika zaidi inapobebeshwa mzigo, mfano kupanda kilima na magunia nyuma, na Hilux yangu ilipanda vilima vyote vya Mukono bila kukohoa. Habari hiyo ingetosha kumfanya fundi asite kabla ya kuagiza koili nne.

La pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni marekebisho ya mafuta. Kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia, hukadiria petroli inayohitajika, kisha husikiliza sensa ya oksijeni na kuongeza au kupunguza petroli kwa asilimia fulani. Namba ya marekebisho hayo kwa muda mrefu ikikaa kati ya asilimia kutoa 10 na kujumlisha 10, kwa kawaida hakuna la kuhofia. Yangu, gari likiwa limesimama huku injini inawaka, ilikuwa kujumlisha 19. Nilimwomba kijana wangu akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo, nami nikiangalia simu: namba ikashuka hadi kujumlisha 4.

Tofauti hiyo ndiyo iliyolitatua tatizo. Hewa inayopenya kwenye mwanya baada ya sensa ya hewa haipimwi na mtu yeyote. Mguu ukiwa nje ya pedali, mlango wa hewa huwa umefungwa karibu kabisa, mvuto ndani ya menifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, huwa mkali, na hewa ya wizi huwa sehemu kubwa ya pumzi yote ya injini. Mlango ukifunguka, hewa halali huwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haionekani. Lau ingekuwa pampu dhaifu ya petroli, kichujio kilichoziba au sensa ya hewa iliyoingiwa na vumbi la murami, namba ingepanda kadiri injini inavyofanya kazi zaidi. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta mwanya, na kwa kuwa silinda ya nne ndiyo iliyolalamika kuliko wenzake, tulianza kutafuta karibu nayo.

Nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee mtulivu wa hapa Busia, nikiwa na picha za skrini. Hakuamini simu moja kwa moja, na kwa hilo ninamheshimu. Alihamisha koili ya silinda ya nne akaiweka ya kwanza. Msimbo ukabaki P0304. Akahamisha plagi, ukabaki palepale. Akapima mgandamizo wa silinda zote, ukawa sawa. Baada ya hapo, injini ikiwa bado ya baridi na kizimamoto kikiwa karibu, alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya menifoldi na kichwa cha injini, akianzia silinda ya kwanza. Alipofika ya nne, mngurumo ulibadilika kabla hajaondoa kidole, injini ikapanda na kutulia kama mtu aliyepewa maji. Tulipofungua, gasketi inayoziba maungio ya hapo ilikuwa ngumu kama gozi la ng'ombe lililokauka, imelala bapa upande mmoja, na boliti mbili za chini zilizunguka kwa nguvu ya vidole. Injini ikipata joto, chuma kilitanuka na kuubana mwanya. Ndiyo sababu baada ya Bugiri gari lilitulia.

Gasketi ilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyokwisha kununua. Jioni hiyo marekebisho ya mafuta yalisomeka kujumlisha 3 gari likiwa limesimama na kujumlisha 2 kwenye mizunguko 2,500, na tangu hapo P0171, P0300 na P0304 hazijarudi.

Ninatoa onyo moja kuhusu kitufe cha kufuta misimbo, ambacho ni rahisi kukibonyeza kuliko inavyofaa. Kinapobonyezwa, kumbukumbu ile ya mizunguko na joto hufutika pamoja na misimbo, na majaribio ya ndani ambayo kompyuta hujifanyia huanza upya. Piga picha ya skrini kwanza, na ukienda kwa fundi mwambie asifute kabla ya kusoma. Vilevile usikiache kifaa kikiwa kimechomekwa usiku kucha, kwa sababu tundu lile hupata umeme wa betri hata funguo ikiwa mfukoni, na betri iliyochoka huamka imekufa.

Kifaa hiki hakisomi breki za ABS wala mifuko ya hewa, angalau cha aina yangu. Jambo la kusikitisha zaidi kwa wengi wetu ni kwamba hakizungumzi na magari mengi ya miaka ya 1990 yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, yaani lugha ya pamoja ambayo kidude hiki huitumia kuzungumza na gari, kwenye magari madogo kuanzia mwaka 1996, lakini Japani haikuwa chini ya sheria hiyo, hivyo gari linaweza kuwa na tundu lenye umbo lilelile huku likizungumza lugha yake. Shemeji yangu ana Hilux Surf ya mwaka 1998, na kidude kiliishia kuzunguka tu kwenye skrini kikitafuta mawasiliano. Kwake tuliunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa waya mfupi, tukawasha swichi bila kuwasha injini, tukahesabu taa ikikonyeza: mbili, kituo, tano. Namba 25 katika Toyota za enzi hizo ni mchanganyiko wenye hewa nyingi. Anayejaribu njia hiyo ahesabu pini mara mbili, kwani pini ya 16 ina umeme wa betri wakati wote.

Imebaki P0420. Ilirudi wiki tatu baada ya gasketi kubadilishwa. Nimekagua eksozi yote, hakuna mahali panapovuja, na kwenye simu ninaiona volti ya sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega ikipanda na kushuka bila kupumzika, ilhali masega mazima huifanya itulie karibu na 0.6 au 0.7. Petroli isiyoungua ya miezi ile yote ilikwenda kuunguzia ndani ya masega na kuyachosha. Hii ndiyo hasara ninayoilaumu zaidi ya zile koili, kwa kuwa taa ilikuwa ikikonyeza asubuhi nyingi, na taa ya injini inayokonyeza humaanisha kwamba injini inakosa moto kiasi cha kuyaharibu masega wakati huohuo.

Mafundi watatu wamenishauri niyatoe niweke bomba tupu. Ninapakia alfajiri kwenye kituo ambako akina mama huketi na mabeseni ya nyanya nyuma ya eksozi yangu, watoto wamefungwa migongoni, na moshi wa injini ya baridi ndio mchafu kuliko wote. Bomba tupu silitaki. Ninaweka akiba ya masega mapya, na kidude kinakaa kwenye sanduku la dashibodi, ambapo kila Jumamosi ninakichomeka na kuandika daftarini namba mbili za marekebisho ya mafuta, ya gari lililosimama na ya mizunguko 2,500.