Ngozi ya kupandikiza au msuli wa kugeuzwa: kufunika muundi uliovunjika na kubaki wazi

Mvunjiko wa muundi wa daraja la IIIB la Gustilo, mpango wa kupanga ukali wa mivunjiko yenye jeraha wazi, huacha mfupa nje bila nyama ya kuufunika. Kabla ya kuchagua njia yoyote, nyama iliyokufa ikatwe yote: msuli ulio hai hunywea ukibanwa kwa koleo na hutoka damu ukikatwa. Kilichokufa kikibaki, njia zote mbili zitaoza.

Ngozi ya kupandikiza huchunwa pajani, unene wa milimita 0.3 hivi, hutobolewa ili damu isijikusanye chini yake, kisha hufungwa isisogee kwa siku 5. Ni kazi fupi. Lakini haina mishipa yake. Hulishwa na kilicho chini. Juu ya msuli mwekundu hushika. Juu ya chuma cha kuunga mfupa, au mfupa uliopoteza utando wake, haishiki. Hapo ndipo ngozi nyingi hupotezwa bure.

Msuli wa kugeuzwa huja na damu yake. Theluthi ya juu ya muundi hufunikwa na msuli wa shavu la mguu ulio karibu na ngozi, gastroknemiasi. Ya kati, soleasi, msuli ulio chini ya huo. Ya chini mara nyingi hudai msuli kutoka mbali, mishipa ikishonwa kwa hadubini. Juu yake huwekwa ngozi ile ile ya kupandikiza. Usiku wa kwanza msuli huo ukaguliwe kila saa: ukiwa wa bluu na kuvimba, vena imeziba, ukipauka na kupoa, ateri. Mgonjwa arudi chumba cha upasuaji wakati huo huo, asisubiri asubuhi.