Mbwa wa tiba katika makao ya wazee: uzoefu wangu wa miezi saba

Baba yangu anaishi katika makao ya wazee tangu alipopata kiharusi kilichoulegeza mkono wake wa kulia na kuyafanya maneno yamtoke kwa shida. Kwa miezi saba sasa, kila Jumatano saa nne asubuhi, makao hayo hutembelewa na mbwa wa tiba pamoja na mwongozaji wake, nami nimehudhuria nyingi kati ya ziara hizo kwa kuwa siku hiyo huingia kazini jioni. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia zinazojiuliza kama huduma ya namna hii ina faida ya kweli au ni pambo tu la kuwavutia wageni, maana mimi mwenyewe nilianza na swali hilo hilo.

Siku ya kwanza nilidhani nitaona mbwa akifanyishwa michezo ya kuchekesha. Haikuwa hivyo. Aliyekuja ni jike mweusi wa aina ya Labrador, mwenye umri wa miaka minane, ambaye mvi zilikwisha kumwota kidevuni. Mwongozaji wake, mama wa makamo, alibisha hodi, akasubiri, kisha akauliza akiwa bado mlangoni: "Mzee, mgeni wako anaomba kuingia. Asogee?" Baba aliitikia kwa kichwa. Mbwa akaja taratibu upande wa kushoto wa kiti cha magurudumu, upande wenye mkono ulio na nguvu, akakaa, kisha akalaza kidevu chake juu ya paja la baba na kutulia. Ilipita karibu dakika nzima bila mtu kusema neno. Ndipo nikaona kidole gumba na cha shahada vya baba vikilishika sikio la yule mbwa na kulisugua polepole, kutoka shinani hadi nchani. Baba alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, na hivyo ndivyo alivyokuwa akikipima kitambaa kabla ya kukubali kukikata. Sikuwa nimeuona mkono wake ukifanya jambo hilo tangu augue.

Ninapaswa kueleza mapema kwamba mbwa wa tiba si sawa na mbwa anayemwongoza asiyeona. Yule wa pili hufunzwa kwa muda mrefu kazi mahususi za kumsaidia mtu mmoja, na watu wengine hutakiwa wasimguse akiwa kazini. Mbwa wa tiba, kinyume chake, ni mbwa wa nyumbani mwenye tabia ya upole, aliyepimwa kama anaweza kuvumilia kuguswa na watu wengi asiowajua, kishindo cha sinia linaloanguka, mlio wa mashine na mtu anayemshika kwa nguvu bila kukusudia. Kazi yake ni kuwapo, na hupimwa pamoja na mwongozaji wake, kwa sababu wawili hao hufanya kazi kama timu. Familia nyingi hazilijui jambo hilo, kwa hiyo humsifu mbwa peke yake na kumsahau anayeishika kamba.

Wazo lenyewe si geni. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto aliyefanya kazi New York, aliandika mwaka 1962 kuhusu jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kuzungumza na watoto waliokuwa wamejifungia ndani ya ukimya. Baadaye, mwaka 2003, watafiti Odendaal na Meintjes wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vya watu 18 na mbwa 18, kabla na baada ya kukaa pamoja kwa upole na kupapaswa. Homoni ya oksitosini, inayohusishwa na mapenzi na utulivu, ilipanda kwa watu na kwa mbwa. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa watu, lakini haikushuka kwa namna hiyo hiyo kwa mbwa. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na siutumii kudai kwamba mbwa anatibu kiharusi. Ninautaja kwa sababu tofauti ile ya kotisoli ilinifanya nianze kumwangalia mbwa mwenyewe, na sio baba peke yake.

Kuhusu baba, nitasema kile nilichokiona. Katika mwezi wa pili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliomba aruhusiwe kuungana nasi siku ya mbwa. Alileta brashi laini yenye mpini mnene, akaufunga kwa kitambaa ili uongezeke unene, akauweka katika mkono wa kulia wa baba na kumwomba amchane mgeni wake mgongoni. Zoezi hili la kunyoosha kiwiko na kurudisha lilikuwa limemchosha baba kwa wiki nyingi alipolifanya juu ya meza tupu. Kila mara alikuwa akiacha baada ya mara nne au tano. Siku ile alifika mara kumi na tisa, nilihesabu, na aliposimama ni kwa sababu mbwa alikuwa amelala. Mkono haujapona, na huenda usirudi ulivyokuwa. Hata hivyo baba hufanya mazoezi bila kubembelezwa siku za Jumatatu na Jumanne, na anapoulizwa kwa nini, huonyesha mlango kwa kidole.

Bibi mmoja wa chumba cha jirani, aliyepoteza kumbukumbu kiasi kwamba hawatambui wanawe, humpokea mbwa kwa maneno yale yale kila wiki: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Haimtoki sentensi nyingine kamili kwa siku nzima, na wanawe wamejifunza kufika saa hiyo ili waisikie.

Usafi ulikuwa wasiwasi wangu mkubwa, kwa kuwa wakazi wengi ni dhaifu na miili yao haina nguvu ya kupambana na maradhi. Hapa ninawapa wahusika alama za juu. Mbwa huogeshwa ndani ya saa 24 kabla ya ziara, kucha zake hukatwa, na cheti chake cha chanjo huwa ofisini. Shuka safi hutandikwa iwapo mkazi ataomba mbwa apande kitandani, na kila mtu hutakasa mikono kabla na baada ya kumgusa. Haruhusiwi kulamba uso, wala kukaribia jeraha lililo wazi. Kuna pia sharti ambalo sikulitarajia: mbwa anayelishwa nyama mbichi hakubaliwi, kwa sababu anaweza kubeba bakteria wa salmonela na kuwaeneza bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote. Wasiotaka mbwa, iwe kwa hofu, kwa mzio au kwa imani, huwekewa alama mlangoni na njia yake hupangwa isipite karibu nao. Hakuna anayeulizwa sababu.

Dosari zipo. Mara mbili ziara iliahirishwa bila familia wala wakazi kuarifiwa, na mara ya pili baba alikaa ameielekea korido kuanzia saa nne hadi wakati wa chakula cha mchana, brashi ikiwa mapajani. Kwa mtu ambaye wiki yake ina tukio moja la kusubiri, kutopigiwa simu ni jambo zito, na nililisema hivyo kwa maandishi.

Dosari nyingine ilinisumbua zaidi. Katika mwezi wa tano ilikuja timu ya muda, mbwa mdogo mwenye manyoya ya kahawia na mwongozaji asiye na uzoefu. Baada ya saa moja hivi ukumbini, wahudumu walikuwa bado wanawasogeza wazee mmoja baada ya mwingine, huku yule mbwa akipiga miayo mfululizo, akijilamba pua, na kuugeuza uso kila mkono ulipomjia hadi weupe wa jicho ukaonekana. Hizo si dalili za usingizi. Ni namna ya mbwa kusema kwamba amechoka na anaomba aachwe. Nilimwendea mwongozaji na kumwambia kwa sauti ya chini, "Dada, naona mwenzako amezidiwa." Alishtuka, akashukuru, akamtoa nje mara moja. Baadaye mratibu aliniomba radhi na kuweka kikomo cha dakika 45 kwa timu mpya. Mbwa mpole anaposukumwa kupita uwezo wake, anaweza kumuumiza mtu ambaye hana hata nguvu ya kuuondoa mkono wake, na lawama ingemwangukia mbwa asiyeweza kujieleza.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kuichagua huduma hii kwa ajili ya mzazi wake, ningemshauri aende siku ya ziara na amwangalie mwongozaji kwanza. Je, anaomba ruhusa kwa mgonjwa mwenyewe au kwa muuguzi aliye pembeni? Je, macho yake yako kwa mbwa anapozungumza na watu? Je, amewahi kukatisha ziara? Yule mama wetu amekatisha mbele yangu mara tatu, na sijawahi kumwona akisitasita.

Wiki iliyopita alitueleza kwamba nyonga za mbwa wake zimeanza kukakamaa, na kwamba kuanzia mwezi ujao watakuja mara moja kwa wiki mbili, kwa nusu saa, bila kupanda ngazi. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauinua mkono wa kulia kwa msaada wa ule wa kushoto, akaulaza juu ya nyonga ya yule jike, na kuuacha pale mpaka muda ulipokwisha.