Foili, pamba ya kioo au stairofomu: ipi inatuliza joto la bati?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nipo juu ya dari, mnisamehe kwa jasho ila ndo nilitaka muone wenyewe, saa nane mchana, Mbagala, Januari hii, na hilo bati jeusi hapo juu yangu likikugusa bega unaruka. Bati jeusi juani linapita nyuzi 60 kirahisi tu, na kila siku inboksi ni swali lilelile, bro niweke nini huku juu usiku nipate usingizi. Basi nimekuja na vitu vitatu, foili, glasi wuli yani ile pamba ya njano, na stairofomu.

Kuna jambo moja ukilishika hakuna muuzaji atakayekupiga. Hewa ya moto inapanda, haishuki, sasa joto la bati linakufikiaje wewe uliye chini? Linakumulika, kama moto wa mkaa unavyokuchoma uso na umekaa pembeni huko. Oneni hii pasi, nimeisimamisha, ina moto, naweka kiganja mbele yake kama sentimita 10, nasikia joto kabisa. Napitisha foili katikati... limekata! Hapohapo. Na foili yenyewe nyembamba kuliko karatasi. Ule ung'avu ndo unafanya kazi, unarudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto linalomulikwa. Ila sasa naigusisha foili kwenye pasi, niweke kidole nyuma yake? Siweki, sina wazimu, inaunguza kama pasi yenyewe.

Na hapo ndo mafundi wanapotuangusha. Mimi fundi wangu wa kwanza alichukua foili ya upande mmoja, akageuza ung'avu juu, akaivuta ikakaza mpaka ikagandana na bati, ule upande wa plastiki nyeupe ukaangalia chini. Nikalipa, nikashukuru, nikalala, yani kama hatujaweka kitu, maana foili inachukua joto la bati kwa kugusana na ile plastiki inalimwaga lote chini. Ilitakiwa itandikwe juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, kabla ya bati, iachwe ilegee kidogo ipate nafasi ya hewa kama sentimita 2 au 3, na upande unaong'aa uangalie chini, kwa sababu wa juu utakula vumbi na foili yenye vumbi haina tofauti na gunia. Ukiweza nunua ya kung'aa pande zote. Ile yenye mapovu katikati ni nzuri haichaniki ovyo, lakini usidanganywe na unene, kazi ni ya ung'avu.

Haya, pamba. Hii siishiki bila glovu na barakoa, inawasha wiki nzima. Kuna watu wanasema ni asbesto, hapana, ni kioo kilichovutwa kikawa nyuzi, na mwaka 2001 IARC, wale wa utafiti wa kansa wa WHO, waliitoa kwenye orodha ya vitu vinavyohofiwa kuleta kansa. Kinachozuia joto humu ni hewa iliyonaswa, kwa hiyo ukiikandamiza umeiua, na bati likivuja ikalowa imekufa pia, mtafute kwanza aliyekupigilia misumari vibaya. Ila mvua ikinyesha! Foili haikusaidii na kelele za bati, pamba inazimeza, na moto haiushiki. Mliopo Mbeya, Njombe huko, nyie mnataka joto lisitoke, anzeni na pamba hii ikae juu ya dari, foili baadaye.

Stairofomu mnaijua, ile nyeupe inayokuja na boksi la TV. Unene ukiwa sawa inakaribiana sana na pamba, zote namba yake ya kupitisha joto inacheza kwenye 0.04, na namba hii ikiwa ndogo ndo bora, kwa hiyo anayekwambia inaipita mara tatu anataka hela yako. Ni nyepesi, maji haiogopi, mimi tatizo langu ni kwamba inashika moto. Halafu waya za umeme zikilala juu yake miaka, plastiki ya waya inakauka na kupasuka, na huku kwenye dari zetu waya zinapita hovyo kama mnavyoona hapa. Na panya wanaipenda balaa.

Kuna na lile povu la kupuliza, namba yake kama 0.025, hilo ni bora kwa kuzuia joto ila bei yake tuwaachie wenye kolidi rumu.

Kwa nyumba ya bati Dar mimi hela yangu ya kwanza inaenda kwenye foili na matundu ya kutolea hewa kwenye kona za paa, hela ikibaki ndo pamba, chumba cha kulala tu. Niandikieni chini bati lako ni rangi gani na dari lako ni jipsamu au mbao nikujibu. Ngoja nizime pasi, wife ameshapiga kelele huko chini kwamba luku inakwisha.